Aliyeshika Shiraa

Asubuhi ile mimi mwenyewe ndiye niliyemfikisha mbele ya hakimu shahidi wa kumfunga mwanangu. Watu wa mji wetu wa Amu hunitaka nikisimulie kisa hicho kila harusi, na mimi sichoki.

Mwanangu ni Amini, fundi wa chokaa. Alikuwa akipaka kuta za nyumba ya Bi Ummu, mtaa wa Mkomani, mafurungu ya Bi Ummu, bangili zake za fedha za miguuni, yalipopotea. Bwana Jeilani, kaka yake Bi Ummu, akamshtaki siku ile ile. Kosa likithibitika, ni miaka miwili gerezani Mombasa, na kifua cha Amini hakikuwa cha kulala kwenye mawe. Nililia siku tatu. Siku ya nne nikakasirika, na hasira ilinifaa zaidi.

Bi Ummu alitakiwa akatoe ushahidi. Siku zile mwanamke wa nyumba kubwa hakuonekana njiani. Alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kizito cha buluu kilichotandazwa juu ya miti miwili, kikamfunika pande zote mpaka chini. Miti hiyo tuliishika mimi na mwenzangu aitwaye Hindu. Barua za uhuru tulikuwa tumepewa miaka miwili kabla ya hapo, lakini kazi ilikuwa ile ile. Bwana Jeilani akatuamrisha twende barazani. Alijua fika kwamba mimi ni mama wa mshtakiwa, ila kwake mimi nilikuwa mti wa tatu tu. Nikaitika labeka, maana hapakuwa na njia nyingine ya kuingia mle.

Kazi yetu haikuwa kushika tu, ilikuwa ni kuona pia, na kumwonya penye ngazi, mnyama au maji: "Kidato, Bi. Punda, Bi. Mayi, Bi." Yeye mle ndani haoni ila vidole vya miguu yake.

Barazani, Bwana Kamaludin, hakimu, alimuuliza alichokiona.

"Alkhamisi nalikuwa nikenda harusini kwa Khairiya," ikasema sauti ya ndani ya shiraa. "Nikamuona Amini ndiani, mafurungu yangu mkononi. Nimemuona kwa mato yangu."

Bwana Jeilani akatikisa kichwa, amejitia huzuni. Amini, katikati ya askari wawili, akaniangalia.

"Bwana hakimu," nikasema, "na mimi nna neno."

"Nyamaza!" akafoka Bwana Jeilani. "Mjakazi mzima…"

"Muungwana," nikamkata. "Na barua ninayo."

Hakimu akauliza mimi ni nani.

"Ni mimi Barka, Bwana. Alkhamisi hiyo nalikuwa nimeshika mti huu huu. Bi Ummu haoni ndiani. Mimi na Hindu ndio mato yake. Msimamishe mtu mbele yake, umuulize ni nani. Nasi tutanyamaza."

Hindu aliniangalia, kisha akabana midomo. Hakimu alifikiri kidogo, akamwashiria Bwana Jeilani mwenyewe asogee mbele ya shiraa. Alisogea, wala hakuthubutu kukohoa, kwa jinsi hakimu alivyomkazia macho.

"Bi Ummu," akasema hakimu, "mbele yako pana mtu. Ni nani?"

Kitambaa kikacheza upande huu na upande ule. Kisha, kwa mazoea ya miaka thelathini, ile sauti ikanong'ona, na baraza zima likasikia:

"Barka, ni nani huyu?"

Sikujibu. Wallahi, katika maisha yangu sijapata kutoa jibu tamu kuliko hilo.

Watu wakaangua kicheko. Hakimu mwenyewe aliziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Bi Ummu akaanza kulia mle ndani, akayasema yote, bila kujua kwamba anayemtaja yuko mbele yake: mafurungu alimpa kaka yake amwekee, kaka akayauza huko mji wa Kiunga, akaogopa aibu, akamfundisha la kusema.

Pingu za Amini zikafunguliwa. Nilipiga kigelegele pale pale barazani, na atakayenisema na aniseme. Hakimu akaamuru Bwana Jeilani ampeleke kwanza dada yake nyumbani, askari wakiwa nyuma yake, kisha yeye aende gerezani. Nikamtia mti wangu mkononi.

"Shika," nikamwambia. "Dadako hawezi kutoka wazi."

Hindu naye akampa askari mmoja mti wake, akajipangusa mikono.

Mji mzima ulitoka kutazama. Bwana Jeilani alikwenda mbio kwa haya, mti umemlalia begani, dada yake akiburutwa na kitambaa. Mimi na Amini tulifuata nyuma, nimemshika mkono ingawa ni mtu mzima, siuachi. Tulipofika penye ngazi za msikiti nikaona Bi Ummu anakaribia kujikwaa, na wale wawili hawana habari. Nyumba yake imekula ujana wangu wote. Hata hivyo sikutaka aanguke mbele za watu.

"Kidato, Bi!" nikapaza sauti.

Shiraa ikasimama. Mguu ukatafuta, ukainuka, ukapanda. Nikaenda zangu nyumbani na mwanangu.