Honi za Mzee Ausi

Dionisia alikuwa fundi umeme wa magari mjini Nachingwea, na hakuna mteja aliyemchosha kama Mzee Ausi. Pikapu ya mzee huyu ilikuwa ndogo, ya kubebea ufuta, lakini aliifunga honi mbili za lori kwa hoja kwamba mbuzi wa siku hizi hawasikii. Kila baada ya wiki mbili rilei, kile kikopo kinachopeleka umeme kwenye honi, ilikufa.

"Fundi, unaniwekea feki," alilalamika aliporudi mara ya tatu.

Neno hilo lilimchoma Dionisia. Akaibandua rilei kifuniko, akamwonyesha ncha mbili ndogo, nyeusi kama masizi ya chungu. "Tazama, mzee. Hizi zikigusana, honi inalia. Zikiachana, umeme haukubali kukatika, unaruka katikati kwa cheche. Kila cheche inazitafuna."

"Basi izuie hiyo cheche."

Jinsi ya kuizuia aliijua. Platini, zile ncha za kukatia umeme kwenye injini za zamani, hufungwa kondensa pembeni, umeme ukimbilie humo badala ya kuruka. Kondensa ndogo hakuwa nayo, ila kwenye makorokoro yake kulikuwa na kapasita ya redio, yaani kondensa kubwa, nene kama kidole gumba. Akajiambia, kama ndogo inasaidia, kubwa itamaliza kazi. Akaiunga kwenye ncha za rilei mpya. Walijaribu honi mara tatu, zikaitika vizuri.

"Panda twende Ruangwa," alisema Mzee Ausi. "Ikinigomea njiani, igome na wewe upo."

Walikwenda salama mpaka Nandagala. Hapo palikuwa na msiba: turubai limefungwa uani, wanaume wako mikekani, shehe ameinua mikono katika dua. Mzee Ausi akapunguza mwendo kwa adabu. Mara mbuzi akakatiza, na mkono wa mzee, kwa mazoea, ukaigusa honi. Kidogo tu.

Honi hazikunyamaza.

"Achia, mzee!"

"Nimeachia!" Akainua mikono yote miwili kuthibitisha, na gari likazimika mbele ya turubai.

Kuku walitimka. Dua ilikatika. Mzee Ausi alishuka mbio kuomba radhi, akapiga magoti, midomo ikimcheza bila kusikika. Dionisia alifunua boneti akaichomoa rilei, na kimya kikashuka ghafla wakati mzee bado anapayuka kwa nguvu zake zote: "... WALA SIJALEWA, WALLAHI!"

Watu walitazamana. Kisha kicheko kikatokea upande wa wanawake. Alikuwa mjane wa marehemu mwenyewe, Bi Mwantumu.

"Marehemu nilikuwa namwamsha hata kwa ndoo ya maji, haamki," alisema akijifuta macho. "Nimesikia hizo honi, nikasema leo ataamka tu."

Msiba mzima ukaangua kicheko, na wengine wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Dionisia hakucheka. Aliifungua rilei, akakuta ncha zimegandana kama zimechomelewa. Hapo akaelewa. Kapasita ile kubwa ilijaa umeme honi ikiwa imezimwa, na ncha zilipogusana iliumwaga wote kwa mpigo.

"Kosa ni langu, mzee," alisema. "Nilitaka makubwa. Inatakiwa kondensa ndogo, na rezista ya kuupunguza kasi umeme wake. Rezista na rilei ninazo. Kondensa ndiyo sina."

Mzee Ausi alimtazama, akatikisa kichwa. "Angalau hujamsingizia mbuzi."

Bi Mwantumu aliyasikia hayo. Akawaonyesha pikipiki kuukuu ya marehemu iliyokuwa nyuma ya nyumba. "Ina platini hiyo. Chukueni kondensa. Alikuwa anapenda vitu vyake vitumike."

Dionisia aliifunga palepale, kondensa na rezista zikiwa zimefuatana kwenye waya mmoja. Alipomaliza, hakuna aliyethubutu kujaribu.

"Pigeni," alisema Bi Mwantumu. "Mara moja, tumuage."

Mzee Ausi akamtazama shehe. Shehe akaitikia kwa kichwa, akaficha tabasamu kwa kiganja. Honi zikalia, zikakoma. Kila mtu akashusha pumzi.

Wafiwa waliwazuia wageni hao wawili wasiondoke kabla ya kula wali. Dionisia alikula amekaa na wanawake, akisikiliza vituko vya marehemu, na pikapu ilipoondoka kwenda Ruangwa jua lilikuwa limeinama.