Halwa ya Wasio na Meno

Watu wa Kibokoni wanajua kula halwa, na kuisema wanajua zaidi. Kwa hivyo Fairuz alipomwambia babake kwamba duka lao halijulikani, mzee Sheikhan alidhani binti ana homa. Hapakuwa na harusi mjini isiyopitisha sinia lake. Nani asiyewajua?

Fairuz akamwonyesha simu. Ukiandika "halwa Mombasa", wa kwanza kutokea ni Zakariya, mwenye duka mlango wa tatu kutoka kwao, ambaye halwa yake, kwa kauli ya Sheikhan, ilifaa kujengea ukuta. Tovuti yao wenyewe, kazi ya mikono ya Fairuz, ilikuwa ukurasa wa nne, mahali ambapo hata aliyepotea hafiki.

Sheikhan hakupenda kuwa nyuma ya Zakariya hata kwenye foleni ya maji. Akatoa sharti. Mgeni mmoja, asiye wa mji huu, aingie dukani kwa sababu ya hiyo tovuti kabla ya mwezi wa Maulidi kuandama. Asipopatikana, tovuti ifungwe, na Fairuz aende Kilindini kwa mjomba wake Khubaib, wakala wa forodha, akagonge mihuri. Fairuz alikwisha kuigonga mihuri hiyo mwezi mzima. Afadhali akoroge halwa mpaka mkono ung'oke.

Tatizo alilijua. Mtambo wa kutafuta humpandisha yule anayetajwa na wenzake: kila tovuti inayokuwekea linki ni shahidi wako. Wao hawakuwa na shahidi hata mmoja. Zakariya alikuwa nao elfu tatu, aliouziwa kwa jumla na mtaalamu asiyejulikana anaishi wapi. Fairuz akawachungulia mmoja mmoja. Bwana huyu, asiyeruhusu hata karata kwenye baraza yake, alikuwa akisifiwa na nyumba saba za kamari na muuza sabuni za mbwa. Fairuz alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Siku hiyo alikuwapo dukani Bi Mwanakhamis, mwalishi wa mtaa. Harusi ikikaribia, yeye ndiye huvaa buibui lake akapita mlango kwa mlango kuwaalika watu, na tangu aanze hajawahi kukataliwa. Kumkataa mwalishi ni kujitangazia ubaya. Alisikiliza habari za linki mpaka mwisho.

"Mashahidi hawanunuliwi, mwanangu," alisema. "Mashahidi hualikwa."

Fairuz akampa majina tisa ya wenye tovuti: nyumba ya wageni ya Bi Amtulla, Jusab muuza kahawa wa Bondeni, fundi wa kanzu, ukumbi wa harusi na wengineo. Bi Mwanakhamis akazunguka nayo siku mbili. Kila alipoingia alitoa salamu, akaulizia wagonjwa, akala tambuu, kisha akaeleza kwamba nyumba ya Sheikhan inawaomba waitaje huko mtandaoni kama jirani anavyomtaja jirani. Wote wakaitikia.

Akarudi na majibu kumi. Fairuz akahesabu tena, kisha akauliza la kumi ni la nani. La Zakariya.

Fairuz aliketi juu ya gunia la sukari. Akamwambia bibi kwamba huyo ndiye hasa wanayeshindana naye.

"Sikiza," alisema Bi Mwanakhamis. "N'kiruka mlango mmoja mtaani, kesho sina uso wa kubisha wa pili."

Zakariya naye, mwalishi amesimama mbele yake na wateja wametega masikio, alikuwa hana budi kukubali. Lakini ulimi wake ulikuwa wake. Jioni ile ukurasa wake wa mbele ukatoka na mstari mpya, na linki juu yake: "Kwa wasio na meno, halwa laini iko kwa Sheikhan."

Mtaa mzima uliucheka. Sheikhan siku tatu hakutokea barazani, na aliposema neno, lilikuwa kumwambia bintiye atafute nguo za kuvaa Kilindini. Fairuz aliumia kweli. Mihuri angeivumilia, ila kumwona babake anakula peke yake nyuma ya duka, hilo hakuliweza. Zilibaki siku mbili mwezi kuandama.

Kesho yake akaingia kijana na mkoba wa safari, ametoka kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari kwa miguu. Alijitaja kuwa ni Kitsao, wa Voi, akauliza bila mzaha wowote, "Hapa ndipo kwa wasio na meno?"

Sheikhan akaweka mwiko chini. Kijana akaeleza. Nyanyake hana jino hata moja, na miaka mingi anatamani halwa. Ametafuta kwenye simu, kila duka linasifu zafarani na lozi zake, hakuna linalotaja meno, mpaka aliposoma kwa Zakariya, akaibonyeza linki, ikamfikisha kwenye tovuti ya Fairuz. Alitaka kilo mbili.

Sheikhan akapima mwenyewe, akaongeza nusu kilo, zawadi kwa bibi huyo wa Voi. Kijana alipotoka, mzee aliegemea mizani akacheka mpaka machozi. Akasema Khubaib atafute mgonga mihuri mwingine.

Maulidi yakapita. Mtambo wa kutafuta nao ukafumbua macho, ukawatupa mashahidi wote wa kununuliwa, na Zakariya akashuka mpaka kule asikofika hata aliyepotea. Fairuz, na mashahidi wake kumi wa tambuu, akawa wa kwanza.

Wiki haikwisha, Bi Mwanakhamis akabisha hodi amevaa buibui la kazi.

"Nyumba ya Zakariya yawaomba muitaje," alisema.

Mwalishi hakataliwi. Fairuz akamtazama babake. Babake akaitazama sufuria kama mtu asiyejua lolote. Fairuz akaandika, linki ikawekwa: "Kwa wenye meno yote, halwa ya Zakariya iko mlango wa tatu."

Ijumaa, baada ya sala, Zakariya mwenyewe alisimama mlangoni. Alitoa salamu ndefu. Kisha akasema kwamba wateja wanakuja, ahsanteni, lakini wanaingia wamejishika taya. Je, yale maneno ya mwanzo hayawezi kuondolewa?

"Ami," alisema Fairuz kwa adabu zote, "shahidi wa kualikwa husema aonalo."