Saa Tano na Nusu ya Malachy Considine

Vita vyetu na Waingereza vilisimamishwa tarehe 11 Julai 1921, saa sita kamili mchana. Aliyepigana kabla ya hapo ni mpiganaji. Aliyeshika bunduki baadaye, hapa kaunti ya Clare, hutaniwa mpaka kaburini.

Mwaka 1971 kijiji kilipoandaa jiwe la kumbukumbu, kamati ilinipa kazi ya kuhakiki majina. Moja lilinitia shaka. Mzee Malachy Considine alidai alimpiga risasi polisi wa Waingereza darajani siku hiyohiyo, saa tano na nusu. Nakala ya daftari la kituo cha polisi, niliyoisoma mara tatu, ilisema polisi huyo alijeruhiwa mkono saa sita na nusu.

"Shujaa wa baada ya saa sita!" alicheka mwenyekiti wetu, Tubridy. "Kaoga mto ulipokauka. Nenda kamuumbue."

Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Malachy aliishi na dada yake, Attracta. Walinikalisha jikoni. Nilimuuliza swali lilelile kwa njia nne, naye hakubadilisha neno.

"Saa uliijuaje, mzee?"

"Niliitazama hiyo ukutani nikitoka. Mpaka darajani ni dakika kumi tu. Unaniona mwongo, Colman?"

"Sijasema hivyo."

"Mdomo haujasema. Macho je?"

Niliinamisha macho kwenye saa yangu ya mkononi. Saa saba na dakika tano. Ya ukutani ilisema saa sita na dakika tano.

"Saa yenu imechelewa, Bi Attracta."

"Haijachelewa," alisema akinimiminia chai. "Hiyo ni saa ya Mungu. Baba alikataa kusogeza mishale mbele saa moja kila kiangazi kwa amri ya London, na sisi hatujaisogeza. Ng'ombe hawasomi gazeti, mwanangu."

Niliweka kikombe chini. Amri ya kusimamisha vita ilifuata saa ya serikali. Saa tano na nusu ya jikoni hii ilikuwa saa sita na nusu kwingine kote.

Nilimweleza Malachy polepole. Alielewa kabla sijamaliza.

"Basi sikudanganya."

"Hukudanganya, mzee. Ila vita vilikuwa vimekwisha nusu saa nzima kabla."

Malachy aligeukia ile saa ya ukutani.

"Yule polisi alikuwa ameketi ukingoni mwa daraja, anakula mkate," alisema. "Aliniona nikija na bunduki, akanipungia mkono. Miaka hamsini najiuliza mbona hakuogopa."

Attracta aliacha kumimina.

"Waambie nilidanganya, sikufika darajani," Malachy akasema.

"Lakini si kweli."

"Waambie, Colman. Mwongo huchekwa tu."

Jumanne, mbele ya kamati, nilisema mzee alidanganya, jina lake liondolewe.

"Si nilikwambia!" Tubridy akapiga meza. "Enhe, siku hiyo alikuwa kajificha wapi?"

Nikafunga daftari langu. Nikasema sikumuuliza.