Karatasi ya Mama Brandvold

Hivi wewe, ukipigiwa simu na mtu mkubwa, akakuuliza hali ya mumeo na ya mbwa wako kwa majina, utajuaje kama anakukumbuka au anakusoma?

Marlys Veldhuizen alikuwa anasoma. Alikuwa mbunge wa muhula wa pili kutoka Iowa, na mchana ule wa Septemba alikaa kwenye kijichumba kisicho na dirisha, katika jengo la chama chake, ng'ambo ya barabara kutoka Bungeni. Sheria haimruhusu mbunge kuomba pesa za uchaguzi akiwa kwenye ofisi ya serikali. Basi kila siku wanavuka barabara na kujipanga humo, kila mmoja na simu yake, kama kuku wa mayai kwenye vizimba. Mezani palikuwa na supu ya nyanya iliyopoa mpaka ikafanya utando, na rundo la karatasi. Kila mchangiaji alikuwa na yake: jina, alichotoa mwaka jana, magonjwa ya nyumbani, wajukuu.

"Mheshimiwa, sauti hiyo ni ya msibani," alisema Denise Prouty, mama wa makamo aliyeajiriwa kumsimamia kwenye simu. "Tabasamu. Wanalisikia."

"Nimetabasamu tangu saa sita, Denise. Mashavu yanauma kuliko miguu."

Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kura ya saa kumi. Chama cha upande wa pili kilileta muswada wa kuzipa pesa hospitali za mashambani, ili wodi za wazazi zilizofungwa zifunguliwe. Marlys aliutaka kwa moyo wote. Kabla ya siasa alikuwa nesi miaka kumi na minane kwenye wodi ya wazazi ya mji wa Alder Grove, jimboni kwake, na wodi hiyo ilifungwa Januari.

Asubuhi kiranja wa chama, Bwana Dell Crutcher, alimshika kiwiko kwenye lifti.

"Muswada mzuri, nani kakataa? Ila wakiupitisha wao sasa, kwenye uchaguzi wa Novemba watauimba majukwaani. Tushinde kwanza, tutaleta wetu, na jina lako juu kabisa."

"Na wajawazito nao wangoje Novemba?"

"Dada, ukibonyeza kijani, cha ndiyo, pesa za matangazo yako ya televisheni nazihamishia kwa mgombea wa Ohio kesho."

Bila matangazo yale asingerudi Bungeni, na wote wawili walilijua hilo.

Karatasi iliyofuata ilikuwa ya Ilse Brandvold, wa Alder Grove.

"Ni wewe mwenyewe au ile mashine inayopiga simu?" aliuliza bibi yule.

"Ni mimi, mama. Nyonga ya mzee Harold inaendeleaje?"

"Anatembea kama bata, ila anatembea."

"Na Pepper?"

"Huyo mbwa anakula kuliko Harold!"

Wakacheka. Marlys akashuka mstari wa chini: *mjukuu wa kwanza, Machi, uliza.*

"Na mjukuu je? Keshaanza kukaa?"

Denise akainua kichwa.

"Tulikuwa tunampeleka binti yetu kujifungua Sioux City," alisema Mama Brandvold polepole. "Maili sabini, na barabara ni barafu tupu. Mtoto alizaliwa garini, pale kwenye maghala ya mahindi. Harold akasimamisha gari. Alikuwa wa kike. Hakulia. Nilimsugua mgongo kwa shali yangu, sikujua kingine cha kufanya. Nikasema, Marlys angejua."

Karatasi iliandikwa majira ya baridi, mtoto akiwa bado tumboni. Hakuna aliyeibadilisha. Denise akaandika haraka pembeni, akaisogeza: POLE. KISHA OMBA.

"Pole sana, mama," alisema Marlys. Hakuomba.

"Basi nitatuma kama mwaka jana," alisema bibi. "Harold anasema tusiache."

Simu ikakatwa. Denise akaweka alama ya vema.

Saa kumi Marlys alichomeka kadi yake kwenye kisanduku cha kura nyuma ya kiti. Dell Crutcher alisimama mwisho wa safu akimenya karanga, hata hamtazami. Kidole cha Marlys kilikaa juu ya kitufe cha kijani muda mrefu. Alijiambia kwamba nesi aliyefukuzwa Bungeni hafungui wodi yoyote. Alijiambia Novemba si mbali. Akabonyeza chekundu.

Muswada ulianguka kwa kura nne. Dell akapita, akamwekea karanga mbili kiganjani.

"Umefanya kazi, dada."

Marlys alitoka ukumbini, akasimama karibu na bomba la maji ya kunywa, karanga bado mkononi, akampigia Mama Brandvold kwa simu yake mwenyewe.

"Nimekosea kiasi cha kutuma?" aliuliza Mama Brandvold.

"Hapana, mama. Leo nimeukataa muswada wa hospitali."

Maji yalikuwa yanachuruzika upande wa pili wa simu, bibi anaosha vyombo.

"Tangu nigombee mara ya kwanza unanitumia pesa," Marlys aliendelea, "na hujawahi kuniomba hata kitu kimoja. Ulikuwa unataka nini?"

Bibi akafunga bomba lake.

"Nilitaka ile wodi, mwanangu," alisema bibi. "Nilidhani ndiyo niliyokuwa nailipia."