Mkoba wa Mke Wangu

"Kaa hapa, shika mkoba wangu, usibanduke," nilimwambia mume wangu. Akaitikia vizuri tu. Nikaenda chooni, na foleni ya choo cha wanawake pale ukingoni mwa mto Yangtze, hapa mjini Hankou, mnaijua wenyewe. Niliporudi, benchi lilikuwa tupu.

Mama wee!

Sisi ni wageni hapa. Tumetoka Shiyan, huko milimani, kwa sababu mume wangu, Deshun, aliniahidi tangu ujana wetu kiwandani kwamba siku moja tutatembea kandokando ya Yangtze bila haraka, kama watu wenye nafasi zao. Sasa amestaafu, nafasi ipo, akili ndiyo inamtoka. Asubuhi tulikula tambi za ufuta, akanifuta mchuzi kidevuni huku akicheka. Nami, mjinga mimi, nikadhani leo kaamka vizuri.

Na mto wenyewe umefura. Mvua za majira ya joto zimeupandisha mpaka kwenye ngazi, miti ya ukingoni imesimama majini. Nilitazama lile tope linavyokwenda mbio, nikageuza macho.

Nikakimbia huku, nikarudi kule. "Jamani, mmemwona mzee mrefu, kofia ya bluu, kabeba mkoba mwekundu wa kike?" Watu walikuwa wanajipiga picha, wakatikisa vichwa. Simu yangu imo kwenye mkoba huohuo! Nikaazima ya muuza maua, nikajipigia mwenyewe. Ikaita weee, hakuna aliyepokea.

Chini ya miti ya huku juu, akina mama walikuwa wanacheza ngoma yao ya kila siku, spika inapasua masikio. Nikamvaa kiongozi wao, mama mnene mwenye upepeo mkononi.

"Dada, zima muziki, nimempoteza mume!"

"We dada, wangu nimemwacha nyumbani makusudi. Wako unamtafutia nini?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Hajui jina lake!" nilipiga kelele. "Ukimwita haitiki! Na mto ule pale!"

Kicheko kikakatika. Akaizima spika mwenyewe. "Pole, mwenzangu. Sasa anaitika nini?"

Deshun siku hizi anaitika nini? Ndipo nikakumbuka mazoezi ya redio, yale ya viungo. Kila asubuhi pale kiwandani spika za ukutani zilipiga muziki ule, nasi tukaacha mashine tukapanga mistari uwanjani. Hata sasa, akiusikia kutoka shule ya jirani, anaacha uji wake na kusimama.

"Mazoezi ya redio! Unayo yale ya zamani?"

"Nani hana?" Akafungulia sauti mpaka mwisho.

Akina mama wakapanga mistari, wakainua mikono. Wazee wawili watatu waliokuwa wanapita wakajiunga. Mimi nilikuwa nageuka kila upande. Zoezi la kwanza likaisha, la pili likaisha. Nikaanza kulia kwa sauti mbele za watu, na wala sikuona haya.

Kisha akatokea kwenye ngazi za mtoni, suruali imelowa hadi mapajani, mkoba begani. Akaenda moja kwa moja mstari wa nyuma, akainua mikono.

Nilimrukia. "Deshun! Unataka kuniua, mwanamume wewe? Lete mkoba!"

Aliubana kwapani, akarudi nyuma.

"Samahani, dada, huu usiuguse. Ni wa mke wangu." Macho yake yalijaa hofu. "Alikuwa hapa sasa hivi. Nimemtafuta kote, mpaka majini. Ana mdomo huyo, usimwone, lakini kuogelea hajui."

Yule kiongozi akajifunika uso kwa upepeo wake. Mimi nikafuta machozi haraka, yasije yakamtisha zaidi.

"Yukoje?" nikamwuliza.

"Kasuka nywele mikia miwili. Bado msichana."

Nikamshika mkono. Akakubali kushikwa.

"Haya, kaka," nikasema. "Twende tukamtafute."