Kimya cha Placide

Huko mtaa wa Nguba, tamasha la jazz halikuanza kwa muziki. Lilianza kwa majina.

Kila Julai, katika ukumbi wa Papa Anaclet ulioligeuzia ziwa mgongo, kabla mtu yeyote hajapuliza wala kugonga kitu, Cibalonza alipanda jukwaani na kaye yake, daftari la jalada jekundu, akawaita wapigaji wote waliowahi kupiga pale tangu mwaka wa kwanza, mwaka wa themanini na nne. Hakuwaita kama mwalimu anavyoita wanafunzi. Kila jina alilitia chumvi: nani alipiga gitaa la nyuzi tano mwaka mzima kwa sababu wa sita alifungia mbuzi, nani aliimba kwenye harusi ya rafiki yake hadi bibi harusi akasahau ameolewa na nani. Watu waliwahi viti kwa ajili hiyo. Wengine, tuseme ukweli, jazz yenyewe hawakuielewa. Walikuja kusikia watu wakisemwa.

Na aliyeitwa aliitika kwa chombo chake. Kila mpigaji alikuwa na sauti yake, noti tatu au nne ambazo mwingine hakuruhusiwa kuzigusa. Kama amekufa, mwenzake alisimama, akavua kofia, akaipiga ile sauti ya marehemu mara moja. Ukumbi ukajibu, "Apumzike," na jina lingine likafuata. Ndiyo ilikuwa sheria ya tamasha, na hata mlevi wa Nguba aliijua: ukiitikiwa na mwingine, umezikwa.

Vita vikaleta watu wa aina ya tatu, ambao sheria haikuwafikiria.

Mwaka wa tisini na sita, juma lile mji ulipoanguka, Placide, mume wa Cibalonza, alikuwa amekwenda Katana kupiga saksofoni kwenye harusi. Aliondoka Jumamosi asubuhi, na viatu vyake vya rangi mbili. "Usipike majani ya sombe kesho," alisema mlangoni. "Nitakuja na samaki, sambaza wabichi." Njia ikafungika nyuma yake. Watu wa Katana walikimbilia kila upande, wengine ziwani kuelekea kisiwa cha Idjwi, wengine milimani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema Placide alifuata upande gani.

Julai iliyofuata, Cibalonza akafika kwenye jina lake. Akaita, "Placide, saksofoni. Aliyekwenda Katana siku moja." Kisha akafunga kaye, akangoja. Pumzi moja, pumzi mbili, pumzi kumi. Fundi wa redio, aliyekuwa akirusha tamasha hewani, alianza kutikisa nyaya zake akidhani zimekatika. Cibalonza akafungua kaye, akaendelea na jina lingine kama kwamba hakuna kilichotokea.

Ndivyo kilivyozaliwa kimya cha Placide. Alikirudia tisini na nane, akakirudia tisini na tisa, na midomo haikukosa kazi. Kuna waliokipima kwa saa wakaapa kinarefuka. Kuna waliosema ni kiburi, hataki kuwa mjane kama wajane wengine. Kuna waliokuwa na hakika kwamba Placide yuko Kisangani, ana mwanamke mnene na watoto wawili. Cibalonza aliyasikia yote, maana naye masikio yake hayakuwa ya kupambia kichwa. Mtu ambaye hajaitikiwa, alisema moyoni, bado yuko njiani.

Aliyemshinda ni mama mkwe.

Maman Adélaïde alikuwa amelazwa kitanda cha sebuleni, mahali alipopataka mwenyewe ili asipitwe na mpita njia. Mwaka elfu mbili, mwezi wa sita, alimwita mkamwana wake.

"Cibalonza."

"Maman."

"Unakumbuka vile nililia baba yake Placide?"

"Mutaa muzima inakumbuka, Maman. Hata imbwa ya Papa Anaclet ilihama."

Mwanamke mzee akacheka hadi kikohozi kikamshika. Kilipomwachia, hakuwa anacheka tena. "Sasa miye nitakufa bila kumulia mutoto yangu. Macho iko kavu miaka ine. Ule mutu wa kuuza makaa alipita hapa, akatuambia wazi: aliona viatu yake ya rangi mbili mu njia ya Hombo, kwa miguu ya mutu mwingine."

"Viatu si mutu, Maman."

"Na kimya si mutu vilevile." Akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama maganda ya maharage. "Uniachilie nimulie. Kisha niende."

Cibalonza alizunguka na neno hilo wiki tatu. Mwishowe akamwendea Zagabe wa tarumbeta, aliyesimama ubavuni mwa Placide jukwaani miaka kumi na miwili.

"Utamuitikia Placide."

Zagabe akaweka chini kikombe chake cha chai. "Cibalonza, ile kitu nikishaipiga, haiwezi kurudi mu tarumbeta."

"Najua."

"Unajua, ama umechoka?"

"Zagabe, nimekuomba."

Mwaka ule tamasha lilianza saa nane mchana, ili kila mtu awe kwake kabla ya giza na askari. Wanaume wawili walimbeba Maman Adélaïde na kiti chake, wakamweka mstari wa mbele kama askofu. Cibalonza akaita jina. Zagabe akasimama, akavua kofia, akapiga noti nne za Placide, zile ambazo ya mwisho hupanda kidogo kama mtu anayeuliza. Safari hii ya mwisho haikupanda. Huenda pumzi ilimwishia.

"Apumzike," ukumbi ukasema.

Na Maman Adélaïde akalia. Alilia kilio cha miaka minne, kwa Mashi, lugha ya kwao, akimtaja mwanawe kwa majina ya utotoni ambayo hata Cibalonza hakuyajua. Baada ya siku kumi na tisa akazikwa, uso umelainika. Watu wa Nguba wakamsifu mkamwana: sasa umefanya jambo la heshima. Cibalonza akavaa nguo nyeusi. Hata usingizi ukamrudia, na hilo ndilo hakulisamehe baadaye.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, alikuwa ukumbini na Papa Anaclet, wanabishana nani atapiga Julai, alipoingia mwanamke na mzigo mrefu katika gunia la unga, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Alijitaja: Mapendo, muuza mafuta ya mawese, ametoka Bunyakiri.

"Natafuta Zagabe wa tarumbeta. Nimetumwa kwake."

"Atafika sasa hivi," alisema Papa Anaclet. "Umeleta nini?"

Mapendo akafungua kamba. Saksofoni. Viungo vyake vimeota kijani, kitufe kimoja kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Cibalonza alishika ukingo wa meza.

"Nani alikupa?"

"Papa Placide. Alikuwa anafundisha kwaya ya kanisa yetu, kule juu."

"Muzima?"

"Muzima, mama! Shida ilikuwa njia. Mutu akitoka kwetu, huku banamuita muasi. Akitoka huku, kwetu banamuita mupelelezi. Alijaribu kurudi mara mbili. Mara ya kwanza alibakia na nguo tu, viatu balibeba. Mara ya pili balimuvunja mukono."

"Akapigaje saksofoni na mkono umevunjika?" aliuliza Papa Anaclet, kama kwamba hilo ndilo jambo.

"Hakupiga tena. Lakini kila Julai alikuwa anaomba redio ya padri, anapanda nayo kilima, pale inashika. Siye tulimufuata, tukifikiri anaenda kusikia muziki. Apana! Alikuwa anangojea pale munanyamazaka. Mukishanyamaza, anacheka, anatupiga ku mabega: 'Munasikia? Ule ni bibi yangu. Ananiwekea kiti.' Kisha anazima redio, tunashuka. Muziki yenyewe hata hakuisikiliza."

Papa Anaclet alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati, akaifuta, akaifuta.

Cibalonza alijua kinachofuata. Akauliza hata hivyo. "Na mwaka jana?"

"Mwaka jana tarumbeta ikalia."

"Alisema nini?"

Mapendo alitazama sakafu. "Alisema, 'Zagabe amepiga muzuri. Ya mwisho tu ameishusha.' Akakaa pale chini. Tulimuambia tushuke, mvua inakuja. Akasema, mutu aliyezikwa hana haraka. Kesho yake akaniachia hii chombo: 'Ukipata njia, umupe Zagabe. Sauti iko yake sasa.' Akasema pia bibi yake asisumbuliwe, maana hangevunja kimya chake bure, lazima amepata amani. Akashika njia ya Hombo, na ule mukono wake. Hatukumuona tena." Ndipo akamtazama Cibalonza vizuri, ile nguo nyeusi, ule mkono juu ya meza. "Mama, weye ni nani wake?"

Cibalonza, aliyekuwa na hadithi ya kila mpigaji wa mji ule, alitoa maneno manne tu. "Mimi ndiye ninasoma majina," alisema.

Habari haikulala. Kufika Julai, hakuna nyumba ya Nguba isiyokuwa na toleo lake, na ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Saksofoni iliwekwa juu ya kiti, peke yake. Zagabe alikataa kuigusa.

"Sheria ni sheria, Maman Cibalonza," Papa Anaclet alimnong'oneza kando ya jukwaa. "Aliyepigiwa mara moja hupigiwa kila mwaka. Hakuna mutu alishatoka upande wa marehemu."

"Atatoka huyu."

"Na kama amekufa kweli kule Hombo?"

"Basi atakuwa amekufa akiwa na kiti."

Akapanda. Aliwaita wengine haraka, bila chumvi, na watu hawakulalamika. Kisha akasema, "Placide, saksofoni. Aliyekwenda Katana siku moja." Akafunga kaye.

Zagabe aliinama, akaiweka tarumbeta sakafuni, akaikalia mikono yake. Nyuma kabisa mtu mmoja, kwa mazoea, akaanza, "Apumzi..." na jirani yake akamziba mdomo. Fundi wa redio aliinua kidole kuhesabu pumzi, akainua cha pili, kisha akaushusha mkono wake.

Cibalonza hakuhesabu pumzi. Alihesabu njia. Hombo. Bunyakiri. Msitu, pale watu hutembea bila kuongea. Kijiji cha Miti. Mteremko wa kuingia mjini, barabara ya ziwa, geti la Nguba ambalo halijawahi kufungika vizuri, ngazi tatu, mlango. Alitembea moyoni, polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye mkono mmoja mbovu. Alipofika mlangoni hakukuta mtu.

Akarudi Hombo, akaanza upya.