Nibia Amekupa Kazi Mpya

Siku ambayo Nibia Larrosa hakufika kazini, ofisi nzima ilikaa bila yerba, chai yao ya kunywea kibuyuni, mpaka karibu adhuhuri. Kibuyu kilikuwepo, majani yalikuwepo, na chupa yake ya maji moto ilikuwa palepale kwenye rafu alipoiacha Ijumaa. Lakini anayemimina ni mmoja, na chupa ya mmiminaji haiguswi. Wote pale Montevideo walilelewa hivyo na bibi zao. Mmiminaji anajaza kibuyu, anakupa, unafyonza kwa mrija mpaka kilie, unamrudishia, anamjazia mwenzako. Kumwekea mkono kwenye chupa yake ni sawa na kumpokonya mwenye jiko mwiko. Kwa hiyo walimngoja.

Hatimaye simu ikalia: aliyepiga ni Zulma, dada yake, na aliyepokea ni Heber Sosa. Moyo ulikuwa umesimama alfajiri, Nibia akiwa anavaa viatu aje kazini.

Kampuni yao hutengeneza lifti za majengo ya makazi, zile kuukuu za katikati ya mji na zile za Pocitos, ufukweni, zinazoliwa na chumvi. Nibia hakuwa bosi. Alikuwa mratibu, na Heber alikuwa mratibu mwenzake, meza kwa meza. Kabla Nibia hajaleta maarifa yake, walinzi na mafundi walikuwa wakiandika kila kitu kwenye kundi moja la simu: lifti imekwama, nani ana bisibisi yangu, Peñarol wamefungwa tena. Mtu angeweza kukaa ndani ya lifti huku ujumbe wa kumwokoa umezikwa chini ya matani ya mpira.

Nibia alijifunza mwenyewe kuliunganisha kundi lile na ubao wa kazi ulio kwenye kompyuta. Alitunga kanuni. Mlinzi akiandika kwamba lifti imekwama, kanuni inasoma maneno yake, inafungua kadi ubaoni, inaandika jina la jengo, inachagua mtu, na simu ya mtu huyo inalia: *Nibia amekupa kazi mpya.* Jina lilikuwa lake kwa sababu kila kitu alikijenga ndani ya akaunti yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Yeye ndiye aliyekuwa akimimina.

Ndiyo maana simu zililia hata kwenye mkesha wa maiti. Wilmar, fundi mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa kuliko tumbo, alitoa yake mfukoni, akaitazama, akalitazama jeneza.

"Jamani, mwanamke huyu! Yumo sandukuni na bado ananituma Malvín!"

Watu waliangua kicheko wakiwa na machozi. Zulma ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Basi nenda, mwanangu," alimwambia. "Ukibaki hapa atakutumia nyingine."

Wilmar akaenda. Wiki zikapita hivyo, Nibia akiwagawia kazi kila asubuhi, na hakuna lifti iliyosahauliwa. Heber alizoea kulitazama jina lile likiwaka kwenye kioo cha simu kabla ya kukigusa. Hakumwambia mtu kwamba wakati mwingine aliliacha liwake mpaka lizime lenyewe.

Ndipo Techera, bosi wao, alipomwita.

"Wenye programu wameniandikia. Akaunti ya mtu aliyefariki inafungwa Ijumaa. Ikifungwa, kanuni zote zinakwenda nayo. Wewe ulikaa naye karibu, zihamishie kwenye akaunti ya ofisi."

"Bosi, mimi sijawahi hata kuzifungua."

"Hakuna aliyewahi kuzifungua. Tumeendesha kampuni kama kibuyu cha yerba, mmoja anamimina, sisi wengine tunafyonza tu. Sasa mmiminaji hayupo. Shika chupa, Heber."

Heber aliitikia, akarudi mezani, akafanya mambo mengine. Kesho yake vilevile. Kila mara alipousogeza mkono aliona ni kama kumvua Nibia nguo zake. Kanuni zikihama, jina litahama pia, na simu haitamwita tena kwa jina lile.

Alhamisi, Maite wa idara ya vipuri alikuja kusimama mbele ya meza yake, mikono kiunoni.

"Unangoja nini, we?"

"Nangoja nguvu."

"Nguvu haiji kwa kukalia kiti. Wiki ijayo kuna bibi atakwama ghorofa ya tisa, mlinzi ataandika, na ujumbe wake utalala chini ya vichekesho vya Wilmar. Nibia angekusikia angekuzaba kofi."

"Angenizaba mawili."

"Basi. Fungua."

Alifungua.

Alitarajia kukuta maneno ya kitaalamu. Alikuta sauti ya Nibia. Kila kanuni alikuwa ameipa jina, kama anavyowasemesha watu. *Aliyekwama ndani kwanza, wengine wasubiri. Wilmar asipewe majengo ya ngazi, goti lake. Techera asiamshwe ila nyumba ikiwaka moto.* Heber alicheka peke yake. Alizihamisha moja baada ya nyingine, na mikono ikazoea. Kumbe halikuwa jambo gumu. Nibia alikuwa amezipanga kama mtu anayejua kwamba siku moja mwingine atakuja kusoma.

Kisha akafika kwenye moja iliyoitwa *Heber, Jumanne na Alhamisi.*

Akaifungua. Ilisema hivi: siku hizo, kuanzia baada ya chakula cha mchana, kazi yoyote ya Heber iende kwa Nibia. Simu ya Heber isilie.

Akaisoma tena.

Mwaka wa mwisho wa baba yake, Jumanne na Alhamisi mchana, Heber alimpeleka mzee kwenye mashine ya kusafisha damu. Techera alimruhusu atoke kwa sharti moja, simu iwe wazi. Alikaa kando ya kitanda, simu pajani, tayari kuinuka. Simu haikulia. Basi akaiweka mfukoni, akamsikiliza baba yake. Mzee alimsimulia jinsi alivyokutana na mama yao kwenye dansi kule Paysandú, jinsi alivyovunja kinanda cha kanisa akiwa mdogo na kumsingizia mbuzi, mambo ambayo alikuwa hajawahi kuyasema kwa mtoto yeyote. Yote Heber aliyobaki nayo ya baba yake yalitoka kwenye michana ile.

Alikuwa akirudi ofisini akitamba: "Lifti za mji huu zina adabu. Zinamhurumia mzee wangu, hazikwami nikiwa naye."

Na Nibia, akijaza kibuyu, alikuwa akimjibu, "Chuma nacho kina moyo, Heber. Kunywa."

"We, una nini?" Maite aliuliza kutoka mlangoni.

"Vumbi."

"Vumbi gani, pamefagiliwa asubuhi?"

Heber alitoka mpaka barazani, akampigia simu Zulma, akamweleza yote. Zulma alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kile kicheko chake cha mkeshani.

"Jumanne na Alhamisi! Mwanangu, alikuwa akinikataza nisimpigie simu siku hizo. 'Nimeshika zamu ya mtu,' ananiambia. Na mimi mjinga nikadhani amepata bwana!"

Heber alicheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta.

"Nilitaka kumshukuru," alisema alipopata pumzi. "Sikupata kujua."

"Angekuambia nini? Angekwambia kunywa, usiipoze. Nishukuru mimi basi, nitampelekea na maua Jumapili."

"Asante, Zulma."

"Haya. Nimepokea."

Aliporudi mezani ile kanuni ilikuwa bado wazi. Haikuwa na kazi tena. Mzee alikuwa ameshazikwa, na ingeweza kufa na akaunti bila mtu kudhurika. Heber aliinua macho. Maite alikuwa amesimama dirishani, simu sikioni, akimwambia mtu kwa sauti ya chini kwamba hapana, mama, leo siyo Jumatano, Jumatano ndiyo tunakwenda kwa daktari, nimekwambia, mama, tutakwenda wote. Mama yake alikuwa amehamia kwake kutoka Rivera, na akili yake ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Wiki iliyopita Maite alijibu simu ya kazi kuhusu nyaya za lifti akiwa kwenye benchi la kliniki, na mama akatoka nje peke yake, wakamkuta kituo cha basi.

Heber aliivuta kanuni kwenye akaunti mpya. Programu ilimuuliza ni kazi za nani, siku gani, ziende kwa nani. Akajaza.

Akaunti ya Nibia ilifungwa Ijumaa. Simu sasa zikilia zinasema *Ofisi imekupa kazi mpya*. Jumatano mchana Maite yuko na mama yake kliniki, na kazi zake zinakwenda kwa Heber.